Kuvuka Mara ya Tatu

Migosi, Kisumu
18 Agosti 1993

Shemeji Dalmas,

Nilimpoteza kaka yako Jumatano tarehe 11 Agosti, saa tisa na dakika ishirini mchana, kwenye gati la feri linaloitwa Eminönü, mjini Istanbul, nchi ya Uturuki. Leo ni siku ya saba.

Naandika kwa ukamilifu hivyo kwa sababu kuna jambo limeenda kombo huko kwenu, na limeenda kombo kwa mkono wangu mwenyewe. Telegramu niliyokutumia ilikuwa na maneno manne: NIMEMPOTEZA DISHON NARUDI JUMAPILI. Nilimaanisha nimempoteza vile mtu anampoteza mwenzake Kibuye siku ya soko kubwa, wewe uko kwa nyanya, yeye yuko kwa viatu. Sikusema amekufa. Kama angekuwa amekufa ningeandika AMEKUFA. Ni neno moja vilevile.

Wewe ukaisoma kwa sauti mbele ya Mama yenu. Niliposhuka kwa basi Jumatatu nilikuta watu thelathini na saba kwangu, benchi za kanisa zimepangwa uani, na shangazi yenu amesimama mlangoni na wembe. Bado nilikuwa na vumbi la safari kwa viatu. Nikamwambia, "Mama, nywele hizi si za mfiwa." Akanijibu, "Wote husema hivyo siku ya kwanza."

Basi nakuomba uende kwa Mama, umwambie wazime ule moto wa matanga. Dishon hajafa. Dishon amepotea. Polisi wa kule wana picha yake na sanduku langu la posta. Wasichana wetu, Apiyo na Adongo, wako likizo, wananiuliza wavae nini. Nimewaambia wavae nguo zao za kila siku.

Shemeji yako,
Seline Awuor


Bondo
25 Agosti 1993

Mama Apiyo,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara moja peke yangu hapa dukani katikati ya redio zangu, na mara moja mbele ya wazee.

Moto wa matanga hauzimwi kwa barua. Mama amelia, majirani wamelia, ng'ombe mmoja ameanguka. Unasema neno lilikuwa la soko. Lakini sisi tulilisoma kwa masikio ya nyumbani. Kwetu tukisema olalnwa, amepotea kwetu, hakuna mtu mzima anayeuliza amepotelea wapi. Wewe ni nyar Alego, binti wa Alego, unalijua hilo kuliko mimi.

Na ujue watu wanasema. Juzi mzee mmoja aliniletea redio haishiki stesheni. Akakaa, akaniuliza, "Dalmas, huyo mke wa kaka yako alimpeleka kutibiwa?" Nikasema hapana. "Kusoma?" Hapana. "Kununua mali?" Hapana, mzee, walienda kutembea, kuona mji. Akachukua redio yake ikiwa bado mbovu akaenda. Kutembea tu, Mama Apiyo! Kuona ukuta!

Wazee wanataka uandike siku ile ilivyokuwa, saa kwa saa, niwasomee. Usiache kitu.

Ni mimi,
Dalmas Ochieng


Migosi, Kisumu
4 Septemba 1993

Shemeji Dalmas,

Ndiyo, kuona ukuta. Kaka yako amefundisha historia miaka kumi na tisa. Kila mwaka anauchora ule mji ubaoni: bahari upande huu, bahari upande ule, ukuta nyuma, mwaka 1453 umeandikwa juu kwa chaki nyekundu. Mimi niliachia shule darasa la tano. Nilianza na cherehani moja ya kukodi kwenye kibanda cha Kibuye, leo ziko sita, na shule kumi na nne za Kisumu zinavaa sare zangu. Nilimwambia, ndoa yetu ikifika miaka ishirini nitakupeleka ukauguse huo ukuta kwa mkono wako. Nilitimiza. Hakuna mzee wa Bondo aliyechanga.

Na aliugusa. Siku ya pili tulipanda teksi mpaka nje kabisa, mahali ukuta umebomoka na watu wamepanda kabichi ndani ya mfereji wake. Akaweka viganja viwili juu ya jiwe, akasimama hivyo dakika sita. Siku ya nne tulishuka chini ya ardhi kwenye tangi la maji la wafalme wa zamani, lina nguzo 336, mistari kumi na miwili ya ishirini na nane. Yeye aliniambia ni nani alijenga. Mimi nilimwambia ni ngapi. Tulicheka.

Sasa siku yenyewe. Tulitoka hotelini saa nne asubuhi. Saa tano tulipanda feri pale Eminönü, tukavuka kwenda upande wa pili, unaoitwa Kadıköy, dakika ishirini na tano. Tukazunguka soko lao. Tukala samaki. Saa nane tulikaa tukanywa chai, tukazungumza mambo ya kawaida. Feri ya kurudi iliondoka saa nane na dakika hamsini, ikafunga gatini saa tisa na robo. Kaka yako alikuwa juu na kamera. Akaniambia, "Wewe tangulia, nipige picha moja." Nikashuka, nikasimama kando ya mlango. Nikisubiri huwa nahesabu, ndivyo nilivyo. Walitoka watu 286. Yeye hakuwemo. Wakaingia wengine, feri ikaondoka saa tisa na dakika ishirini. Nikadhani amenipita kwenye msongamano. Nikamtafuta kwa miguu saa tatu. Wafanyakazi wa feri waliapa kwamba hakuna aliyebaki juu. Alhamisi polisi walipitisha boti majini. Hawakupata kitu. Jumapili tiketi yangu ilikuwa inaisha.

Tulivuka yale maji mara mbili siku ile, kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo habari yote. Wasomee.

Seline Awuor


Kadıköy, Istanbul
14 Oktoba 1993

Dalmas, ndugu yangu,

Barua yako, jibu la ile niliyokutumia Septemba, imenikuta hapa mkahawani. Naosha glasi za chai, vigilasi vidogo vyenye kiuno kama mtungi, mamia kwa siku. Mwenye mkahawa ananiita Hoca, mwalimu, tangu nilipomwambia mwaka mlango wa mji ulipovunjwa. Nalala ghala la juu, kwenye magunia. Hakuna anayejua mimi ni mume wa nani.

Unaniuliza ilikuwaje. Sikupanga. Tulikuwa tunakunywa chai, nami nikawa namweleza jinsi ule ukuta ulivyosimama miaka elfu moja kabla ya kuangushwa. Aliniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Baba Apiyo, wewe unajua kila ukuta ulioanguka duniani, na choo cha kwetu nimekijenga mimi." Kisha akacheka. Wa meza ya jirani hawajui Kiluo, lakini walicheka kwa sababu yeye alicheka. Nami nikacheka.

Tulipofika ng'ambo nilimwambia atangulie. Nilikuwa juu, kwenye reli, nikamwona pale mlangoni, kidole kinapiga pajani: mmoja, mmoja, mmoja. Alikuwa ananitafuta vile anavyotafuta sketi iliyopungua kwenye dazeni. Nilitaka kumwita. Jina lake lilikuwa mdomoni kabisa. Honi ikalia, feri ikaondoka, nikamwona anazidi kuwa mdogo, bado kidole kinapiga. Nilivuka maji mara tatu siku ile, Dalmas. Ile ya tatu nilivuka peke yangu.

Kesho yake aibu ilinishika. Nilifika gatini nikanunua kile kijisarafu cha kupandia feri. Ninacho mpaka leo mfukoni. Jumapili nikatazama ndege zikipita juu, sikujua yake ni ipi.

Nilikuwa nimekusudia kumwandikia. Halafu ukaniambia mmekwisha kunililia, na Mama amefunga kamba kiunoni. Mtu aliyeliliwa na mama yake anaingia nyumbani kwa mlango gani? Nirudi niseme nini, nilikuwa naosha glasi? Telegramu yake ya maneno manne ndiyo iliyofunga lango. Mimi nilikutwa nje tu.

Wazee wakitaka kuzika yago, lile tunda la mtini linalozikwa badala ya mtu asiyeonekana, mahali pangu, usiwazuie. Usimwambie Seline. Na usiniandikie tarehe, sitaki kuijua.

Wasalimie wasichana kwa moyo, si kwa mdomo.

Dishon


Bondo
22 Novemba 1993

Mama Apiyo,

Wazee wamekaa Jumamosi, wamekata shauri. Mtu wa maji hangojwi zaidi ya hapo. Mama hapati usingizi, anasema mtoto wake analala nje. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 18 Desemba, saa nne asubuhi, tutazika yago hapa boma, upande wa kulia wa nyumba yake. Tunda nimekwisha kulitazama mtini, refu kama mkono wa mtu mzima. Litafungwa sanda, litawekwa kwenye jeneza, litapewa jina lake. Mchungaji hataki kuja, lakini kwaya itakuja.

Wewe inakupasa kufika siku mbili mbele, na nguo nyeusi, na kichwa kinyolewe. Ukitoka kaburini utakuwa chi liel, mke wa kaburi, kama mama zetu walivyokuwa. Usiogope. Mimi ndiye ninayemfuata Dishon kwa kuzaliwa. Hutakosa mtu wa kukuingilia nyumba, wala mtu wa kusimamia kazi yako ya Kibuye, maana mwanamke peke yake mjini ni shida.

Tumkubalie Mungu. Ndugu yangu alivuka maji mara tatu siku ile, na ya tatu haikumrudisha. Hakuna aliyemkosea.

Dalmas Ochieng


Migosi, Kisumu
29 Novemba 1993

Shemeji Dalmas,

Barua nimepata. Naona vyerehani vyangu sita vimepata mchumba. Vimefurahi, vinauliza kama mchumba anajua kutia uzi.

Swali langu ni moja. Mimi nilikuandikia kwamba tulivuka mara mbili: kwenda, na kurudi. Nimetoa nakala ya barua zangu kwa karatasi ya kaboni, kama ninavyofanya na oda za shule, na nimeisoma tena ile ya tarehe 4 Septemba. Mbili. Hiyo ya tatu umeitoa wapi?

Seline Awuor


Bondo
6 Desemba 1993

Mama Apiyo,

Wewe unahesabu hata machozi ya watu. Kalamu iliteleza. Mtu akiwa na msiba kichwani anaweza kuandika tatu mahali pa mbili. Nami ni fundi wa redio, si karani.

Mambo ya vyerehani yasikukasirishe, nilisema kwa wema. Njoo tarehe 16 tumalize hili jambo kwa heshima. Shimo linaanza kuchimbwa Ijumaa alasiri, vijana wakitoka shambani. Wasichana waje pia, wana haki ya kutupa udongo.

Dalmas


Migosi, Kisumu
Jumatatu, 13 Desemba 1993

Shemeji Dalmas,

Barua hii inaletwa na Nakhungu, fundi wangu wa kwanza. Nimemwambia aketi hapo dukani kwako mpaka uimalize, na asikubali chai.

Kalamu inaweza kuteleza ikaandika tatu mahali pa mbili. Haiwezi kuteleza ikaandika "na ya tatu haikumrudisha". Hiyo si tarakimu. Hiyo ni habari, na habari ina mwenyewe. Mtu pekee anayeweza kujua kwamba Dishon alivuka tena ni mtu aliyekuwa ndani ya ile feri. Mimi sikuwemo. Polisi hawajui. Wafanyakazi walikana. Amebaki mmoja.

Sasa nikuambie mambo mawili ambayo sikuwaandikia wazee, ili usije ukadhani ni wewe peke yako unayeficha.

La kwanza, mazungumzo yetu ya chai hayakuwa ya kawaida. Nilimwambia neno kuhusu choo. Mimi na yeye tunalijua neno lenyewe. Lilikuwa la mzaha, na halikuwa la mzaha. Nimelirudia kichwani siku mia moja na ishirini na nne. Siku nyingine naona nilikuwa na haki, siku nyingine nataka kukata ulimi.

La pili ni shati. Tulisafiri na mashati yake saba, mimi ndiye niliyepanga. Jioni ya Jumatano nilifungua sanduku nikahesabu. Matano yalikuwa ndani, moja alikuwa amelivaa. Lile la saba, la buluu, halikuwepo. Na pasipoti yake, ambayo siku zote ilikaa kwa mkoba wangu, asubuhi ile aliniomba, akasema anataka kuiangalia mihuri. Mfuko wa kamera ni mkubwa, Dalmas. Mtu anayepotea habebi shati la pili.

Kwa hiyo nilijua. Tangu siku ya kwanza kuna sehemu yangu iliyojua. Niliandika telegramu asubuhi ya Alhamisi na shati lile liko mbele ya macho yangu, na neno lililonijia lilikuwa "nimempoteza" kwa sababu sikuwa na neno lingine ambalo ningeweza kulisoma mbele ya watoto. Mama yenu akalichukua kwa upande wake. Nami niliwaomba mzime moto, lakini sikuwaambia sababu, maana mke wa mtu aliyekufa majini anapewa kiti, na mke wa mtu aliyemkimbia anapewa ushauri. Nimenyamaza miezi minne nikila heshima isiyo yangu. Hilo ni kosa langu, nimelibeba.

Lakini kuzika ni kitu kingine.

Unajua vizuri kuliko mimi ni nini kinachotokea yago likishafukiwa kwa jina la mtu. Akija kesho akiwa mzima, amevaa shati lake la buluu, hapiti langoni. Mama hamshiki mkono. Watoto wake wataambiwa wasimtazame. Atazunguka Kisumu kama kitu kilichotoka shimoni, na akifa kweli hana pa kulala, kwa sababu mahali pake pana tunda. Nami nitakuwa nimesimama pale na kichwa cheupe, mke wa kaburi la tunda, mume wangu anakunywa chai mahali fulani, na wewe umetundika koti lako nyuma ya mlango wangu.

Sitakudanganya, nimefikiria niwaache. Jumapili nzima, wenzangu wakiwa kanisani, nilikaa kibandani nikafikiria. Ningenyoa. Ningelia kidogo. Kisha kila mwaka ningejua kwamba yeye yuko mahali anajua siku yenyewe, na hawezi kurudi tena hata akitaka, hata akipiga magoti. Ni adhabu nzuri. Nilionja ladha yake. Halafu Apiyo akaja kuniuliza kama sanda ya Baba nitaishona mimi mwenyewe, au nitampa Nakhungu. Alishachagua kitambaa. Kile cheupe cha mashati ya kidato cha nne, anasema ndicho Baba alikipenda. Mtoto ana miaka kumi na saba, ameshika kitambaa mkononi, amekikunja vizuri, anangoja nimwambie ni mita ngapi.

Mimi, nishindwe kusema mita ngapi.

Simtaki Dishon arudi kwangu. Lielewe hilo, usije ukamwandikia kwamba ninalia. Kama ameniacha, ameniacha, nitaitwa mke aliyeachwa, na jina hilo nitalivaa mchana na mwili wangu mzima. Lakini siwezi kuwaambia wasichana wawili watupe udongo juu ya baba ambaye anapumua. Siwezi kumshonea sanda mtu ninayejua kipimo chake cha shingo ni kumi na tano na nusu, na shingo hiyo bado ina joto.

Basi chagua. Ukisema yuko hai, sitauliza yuko wapi, sitamwambia mtu yeyote kwamba ulijua, hata Mama. Utawaambia wazee umeota ndoto, au mchungaji amekataza, au tunda limeoza, utatafuta mwenyewe. Ninachotaka ni shimo lisichimbwe. Ukisema amekufa, njoo uniambie hapa mbele ya Apiyo na Adongo, uwaangalie usoni, nami nitanyoa.

Ukinyamaza nitakuja Jumamosi. Sitakuja na nguo nyeusi. Nitakuja na barua zako tatu na nakala za zangu, nitasimama pale kwaya inaposimama, na nitazisoma kwa sauti kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kiti cha Mama kitakuwa karibu nami.

Sitaki barua ndefu. Sitaki habari ya kalamu. Nitakuwa kibandani Kibuye tangu saa moja asubuhi, safu ya tatu kutoka barabarani, na wasichana watakuwa pamoja nami.

Kaka yako yuko hai? Ndiyo, au hapana. Mwisho ni Ijumaa tarehe 17, saa sita kamili mchana, kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini.

Seline Awuor